Wafaa Bilal hataki watazamaji

Mei 2007, msanii mmoja wa Iraq alihamia ndani ya ukumbi wa sanaa mjini Chicago, Marekani. Akaweka kitanda, meza, kompyuta na taa. Upande wa pili wa chumba ikafungwa bunduki ya rangi, ile ya mchezo, inayorusha vidonge vinavyopasuka na kumwaga rangi vikigonga kitu. Bunduki iliunganishwa na kamera na intaneti. Mtu yeyote, mahali popote duniani, saa yoyote ya mchana au usiku, aliweza kufungua tovuti, kuizungusha bunduki kushoto au kulia, kulenga na kufyatua. Mlengwa alikuwa Wafaa Bilal mwenyewe, ambaye aliishi ndani ya chumba hicho kwa muda wa mwezi mzima.

Watu kutoka zaidi ya nchi 120 walifyatua zaidi ya mara 60,000. Kuta zikageuka njano, kitanda kikageuka njano, sakafu ikateleza. Vidonge vya rangi haviui, lakini vikikupata mwilini vinauma na kuacha alama, na mlio wake haukumpa nafasi ya kulala. Kulikuwa na uwanja wa gumzo ambapo wafyatuaji waliweza kumwandikia. Wengine walimtukana, wengine walimtania, wengine walimuuliza amekula nini. Mdukuzi mmoja aliichezea programu mpaka bunduki ikawa inafyatua mfululizo kama ya vita. Halafu likatokea jambo ambalo yeye mwenyewe hakulitarajia: makumi ya watu wasiofahamiana walijipanga kwa zamu, wakawa wanakaa kwenye kompyuta zao usiku kucha wakibonyeza kitufe cha kushoto, kushoto, kushoto, ili mtutu uangalie ukuta naye apate usingizi.

Awali alitaka kazi hiyo iitwe Shoot an Iraqi, yaani mpige risasi Mwiraqi. Ukumbi ukamwomba atafute jina lisilochoma sana, ikaitwa Domestic Tension. Jina la kwanza akalitumia mwaka uliofuata kwenye kitabu alichoandika pamoja na mwandishi wa habari Kari Lydersen. Mwisho wa mwaka 2007 gazeti la Chicago Tribune lilimtangaza kuwa msanii wa mwaka.

Kila ninapomsimulia mtu habari hii, huniuliza: kwa nini mtu mzima ajitie mwenyewe kwenye mateso ya namna ile? Ni swali la haki. Jibu lake linaanzia mbali na Chicago.

Bilal alizaliwa Najaf mwaka 1966. Kwa baadhi yetu wa pwani, Najaf si jina geni. Mashia wa Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa huenda ziara huko na Karbala tangu enzi za mababu zao, na ukibahatika kukaa na mzee aliyerudi atakusimulia kaburi la Imam Ali na makaburi ya Wadi-us-Salaam yanayoenea mpaka macho yachoke. Bilal alikulia katika Iraq hiyo, lakini ikiwa chini ya Saddam Hussein, ambako jina la ukoo lilitosha kukufungia mlango. Alitaka kusoma sanaa chuo kikuu. Akanyimwa, kwa sababu ndugu yao mmoja alituhumiwa kuipinga serikali. Akapelekwa kusoma jiografia. Hakuacha kuchora. Michoro yake ilimsema mtawala, na kwa ajili hiyo alikamatwa.

Tuukumbuke umri wake. Vita vya Iraq na Iran vilianza mwaka 1980 akiwa na miaka 14, vikaisha 1988 akiwa na 22. Miaka miwili baadaye Saddam akaivamia Kuwait, na vijana wakatakiwa kujitokeza kujiunga. Bilal alikataa. Mwaka 1991, baada ya Marekani na washirika wake kulipiga jeshi la Iraq, watu wa kusini waliinuka dhidi ya serikali, na Najaf ilikuwa miongoni mwa miji iliyolipa gharama kubwa maasi yalipozimwa. Akakimbia. Kipindi kilichofuata alikiishi katika kambi ya wakimbizi jangwani Saudi Arabia. Humo kambini alifyatua matofali ya udongo, akajenga kibanda cha kuchorea, na akawafundisha watoto kuchora.

Hapo kwenye matofali ndipo nilipoanza kumpenda. Waandishi wengi wanaomtaja hukipita kipindi cha kambi kwa sentensi moja kwenda haraka Marekani, na mimi nadhani ndicho kinachomweleza. Mkimbizi asiyejua kesho atapelekwa nchi gani anachanganya udongo na maji ili awe na mahali pa kuweka karatasi zisipeperuke.

Mwaka 1992 alipokelewa Marekani. Alisoma Chuo Kikuu cha New Mexico, akapata shahada yake ya kwanza ya sanaa mwaka 1999, kisha akaenda Chicago kwa shahada ya pili, aliyoimaliza 2003 katika chuo cha Art Institute. Hapo alikuwa na miaka 37. Wasanii wakubwa wa Iraq walioondoka kabla yake walikuwa wamekwisha kuiva au kushika njia mapema: Dia al-Azzawi alihamia London mwaka 1976 akiwa tayari na jina Baghdad, na Hassan Massoudy, fundi wa hati za Kiarabu aliyezaliwa Najaf hiyohiyo, alikuwa Paris tangu 1969. Bilal aliyaanza maisha ya usanii wa kusomea katika umri ambao wengine hufanya maonyesho ya kumbukumbu.

Na mwaka aliomaliza masomo ndio mwaka ambao nchi iliyompa hifadhi iliivamia nchi aliyozaliwa.

Mwaka 2004, kombora la Marekani lilimuua ndugu yake, Haji, kwenye kizuizi cha barabarani mjini kwao. Baba yao hakukaa sana baada ya hapo, naye akafariki. Bilal alikuwa Chicago, anafundisha, anakula vizuri, umeme haukatiki. Huwa anatenganisha maeneo mawili ambayo mtu kama yeye huyaishi kwa wakati mmoja: eneo la starehe ulipo mwili, na eneo la vita uliko moyo. Mkimbizi yeyote mwenye ndugu nyumbani anaielewa hali hiyo bila kufundishwa. Wakongo walioko Ulaya na Amerika, ambao simu zao hupokea habari za Goma na Bukavu wakiwa kazini, wanaijua.

Siku moja aliangalia mahojiano kwenye televisheni na mwanajeshi wa Marekani aliyekuwa Colorado, mbali kabisa na Iraq, ambaye kazi yake ilikuwa kushambulia Iraq kwa kompyuta. Mwanajeshi huyo hakuonyesha wasiwasi juu ya waliokuwa upande wa pili. Bilal akamfikiria Haji. Huenda aliyemuua hakuwahi hata kukanyaga Iraq. Chumba cha Chicago kilizaliwa hapo. Aliwapa watu wote wenye intaneti nafasi ileile ya yule mwanajeshi, kitufe na skrini, kwa tofauti moja: safari hii aliyekuwa upande wa pili alikuwa na sura, jina, na alikujibu ukimwandikia.

Wazee wetu walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Sijapata kuona kazi ya sanaa iliyoubana msemo huo kama hii. Aliyefyatua kutoka sebuleni kwake huenda asingeweza hata kumzaba kofi mtu aliyesimama mbele yake. Umbali ulimrahisishia. Wengine, baada ya kufyatua na kuona mtu anaruka pembeni, waliandika kuomba radhi. Taa ya chumbani ilipopigwa ikavunjika, aliyemletea nyingine alikuwa askari wa zamani wa Marekani. Jambo kama hilo usingeweza kulipanga ukalipata.

Nasema haya kwa sababu na mimi nilikuwa mmoja wa waliovitazama vita vile. Mwaka 2003 sisi tulikusanyika kwenye televisheni ya jirani, sebule imejaa mpaka mlangoni, tukaona Baghdad inawaka rangi ya kijani usiku. Watu wazima walibishana kuhusu mafuta, Bush na Saddam. Watoto tulihesabu milipuko kwa sauti. Hakuna aliyetukemea. Miaka mingi baadaye niliposoma habari za Bilal ndipo nilipoelewa kwamba katika ile sebule hatukumwona Mwiraqi hata mmoja. Tuliona mji kutoka juu.

Kati ya 2007 na 2008 alifanya kazi mbili zaidi zilizowaudhi watu. Katika moja aliacha watu wapige kura mtandaoni nani ateswe kwa maji, yeye au mbwa. Mbwa akanusurika, Bilal akafungwa na kumwagiwa maji usoni mpaka pumzi ikakatika. Katika nyingine aliuchukua mchezo wa kompyuta ambao ulitengenezwa Marekani kwa ajili ya kumwinda Saddam, ukageuzwa na wafuasi wa Al-Qaeda kuwa wa kumwinda Bush, naye akaugeuza mara ya tatu akijiweka ndani kama Mwiraqi aliyeuliwa ndugu na kuvutwa na kundi hilo. Ulipofunguliwa kwa maonyesho katika chuo kimoja mjini Troy, New York, Machi 2008, ulifungwa mara moja. Ukahamishiwa kwenye ukumbi wa jumuiya, na manispaa ikaufunga ukumbi kwa sababu ya kanuni za majengo. Nayaheshimu majaribio haya mawili kuliko ninavyoyapenda. Yanapiga kelele pale ambapo chumba cha Chicago kilinyamaza na kuacha mtu asikie kidole chake mwenyewe.

Lakini kazi ya Machi 2010 haijanitoka kichwani. Safari hii aliitumia ngozi yake. Kwa saa 24 mfululizo, katika ukumbi mmoja jijini New York, mchora tatuu alimchora mgongoni ramani ya Iraq isiyo na mipaka, yenye majina ya miji kwa Kiarabu. Kisha zikafuata nukta, kila nukta mtu mmoja aliyekufa, karibu na mahali alipofia. Askari 5,000 wa Marekani walipewa nukta nyekundu. Wairaqi 100,000 walipewa nukta za wino usioonekana, unaong'aa kijani pale tu utakapoumulika kwa taa maalumu ya urujuanimno. Wakati sindano ikiendelea, waliohudhuria walisimama mmoja baada ya mwingine na kusoma majina ya waliokufa. Kazi ikaitwa and Counting…, yaani hesabu inaendelea.

Najua wasomaji wangu Waislamu watasema tatuu ni haramu, na sitabishana nao hapa. Ninachoomba ni kuufikiria huo mgongo. Mchana, kwenye mwanga wa kawaida, unaona vifo vya upande mmoja tu, na ngozi iliyobaki inaonekana nzima, safi, kana kwamba hakukutokea kitu. Ndivyo magazeti yalivyohesabu vita vile. Askari wa Marekani aliyeuawa alikuwa na picha, umri na jina la mji wake. Wairaqi walikuwa makadirio. Bilal hakuandika hotuba kuhusu jambo hilo. Alilifanya liwe ngozi yake ya maisha yote, na Haji wake yumo katika nukta zile zisizoonekana. Sisi tunaoishi Afrika Mashariki tuna wafu wengi wa namna hiyo, hasa mashariki ya Kongo, wanaotajwa kwa mamilioni ya jumla bila jina hata moja.

Mwisho wa mwaka huohuo alifanyiwa upasuaji mdogo, akawekewa bamba chini ya ngozi kisogoni, na juu yake ikafungwa kamera iliyopiga picha moja kila dakika na kuirusha mtandaoni. Ilikuwa ni kazi ya ufunguzi wa jumba la Mathaf mjini Doha, Qatar. Alieleza kuwa alipokimbia hakuweza kurekodi alivyoviacha nyuma, na kamera ile ingemwangalilia nyuma. Chuo Kikuu cha New York, ambako alikuwa anafundisha, kilimtaka aifunike akiwa chuoni, kwa ajili ya faragha ya wanafunzi. Baada ya miezi michache mwili ukaikataa sehemu ya chuma kile, ikabidi kitolewe. Vyombo vya habari vya dunia nzima viliishangilia na kuishangaa kamera ile, na naona walishangaa chuma wakasahau huzuni. Picha zenyewe nyingi ni za dari, milango, ngazi, migongo ya viti vya gari. Ni picha za mtu anayeondoka.

Kuna upande wa pili wa Bilal ambao hausimuliwi sana, kwa sababu hauna damu. Tangu 2003 hadi 2013 alikuwa akichukua picha za magazeti zilizoonyesha majengo ya Iraq yaliyobomolewa, akiyatoa watu waliokuwamo, kisha akiyajenga upya yale magofu kwa mkono, madogo kama ya kuchezea watoto, na kuyapiga picha. Juu yake alinyunyiza majivu, na ndani ya majivu hayo alichanganya gramu 21 za majivu ya binadamu. Gramu 21 ni uzito ambao daktari mmoja wa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 alidai ndio uzito wa roho inapotoka. Sayansi iliitupa hesabu hiyo zamani. Kuhusu kutumia mabaki ya mtu kwenye sanaa, sina uhakika kama ningekubali, maana kwetu maiti ina heshima zake. Lakini picha hizo, ukizitazama kwa muda, zina utulivu unaotisha. Kiti kimebaki katikati ya jumba lililoporomoka, vumbi linaelea. Anachojenga upya ni magofu yenyewe, kwa saburi, kama mtu anayerudi kupanga chumba cha marehemu.

Hivi karibuni amehamia kwenye ngano. Mwaka 2015 ISIS walirekodi wenyewe video wakizivunja sanamu za kale za Ninawi, pamoja na fahali mwenye mabawa na kichwa cha mtu aliyekuwa akililinda lango la mji huo. Bilal, akishirikiana na wanasayansi, amekuwa akifanya kazi ya kuziandika taarifa za umbo la sanamu ile ndani ya vinasaba vya mbegu za ngano ya Iraq, ili ngano ikipandwa na kuvunwa, sanamu iendelee kunakiliwa shambani. Ilikuwa miongoni mwa kazi zilizoonyeshwa Chicago mwaka 2025, katika maonyesho makubwa ya kwanza ya kazi za maisha yake kwenye jumba la makumbusho, Museum of Contemporary Art. Mvunjaji atahitaji kuchoma kila shamba.

Kazi yake ninayoiweka juu ya zote, hata juu ya chumba cha njano, ni ya mwaka 2016. Inaitwa 168:01.

Katika vurugu za 2003, Baghdad ilipoanguka, waporaji waliichoma maktaba ya Kitivo cha Sanaa cha Chuo Kikuu cha Baghdad. Vitabu 70,000 viliteketea. Hii ni elimu ileile ambayo Bilal alinyimwa ujanani. Jina la kazi linatoka kwenye simulizi ya zamani zaidi: mwaka 1258 Wamongolia wa Hulagu walipouteka mji huo, wanasimulia kwamba vitabu vilitupwa mtoni kwa wingi hata mto Tigris ukapita mweusi kwa wino siku saba. Siku saba ni saa 168. Ile 01 ni pale muda wa kwanza kabisa wa baada ya maangamizi unapoanza kuhesabika.

Katika jumba la sanaa la Windsor, Ontario, Kanada, alipanga rafu nyeupe zilizojaa vitabu vyeupe. Ukikifungua kitabu, hakuna kitu, kurasa ni tupu. Mgeni anayetoa mchango, hata kama ni dola 25, ananunua kitabu halisi cha sanaa. Kitabu hicho kinakuja kukaa kwenye rafu mahali pa kimoja cheupe, na mchangiaji anakwenda nyumbani na kile cheupe. Kadiri siku zinavyopita, weupe unaingiwa na rangi za majalada. Maonyesho yakiisha, vitabu halisi vinafungwa na kusafirishwa Baghdad kwa wanafunzi, na rafu zinaanza upya kwa weupe katika mji mwingine. Kazi hiyo ilifika pia Jumba la Makumbusho la Aga Khan mjini Toronto, mji wenye Waismailia wengi waliotoka Uganda, Kenya na Tanzania, watu wanaojua vizuri kuacha nyumba yenye vitabu nyuma.

Ukilinganisha na chumba cha 2007, utaona ni mtu yuleyule anayefanya jambo lilelile. Kule ulipewa bunduki, huku umepewa rafu. Kule kidole chako kiliongeza uharibifu, huku mkono wako unajaza pengo, na pote pawili hakuna kiti cha kukaa ukatazama tu. Bila wewe kufanya jambo, kazi haipo.

Kuna jambo dogo katika 168:01 ambalo wahakiki hulitaja kwa haraka, na kwangu ndilo kubwa. Nilisoma shule ambayo maktaba yake ilijaa vitabu vya msaada. Vilikuja kwenye maboksi kutoka ng'ambo, tukavishusha kwa furaha, halafu tukakuta miongozo ya kompyuta zilizokwisha kuacha kutumika, vitabu vya sheria za kodi za nchi nyingine, hadithi za watoto zilizokatika katikati. Hakuna aliyewahi kumuuliza mwalimu wetu wa Kiswahili anahitaji nini, na alihitaji vingi, maana tamthiliya ya mtihani tuliisoma watu sita kwa nakala moja. Bilal hakuchagua vitabu kwa niaba ya Baghdad, wala hakuwaachia wageni wa Kanada walete walivyovichoka nyumbani. Walimu na wanafunzi wa kitivo kilichoungua ndio walioandika orodha ya vitabu wanavyovitaka, na wachangiaji wakanunua kutoka kwenye orodha hiyo, kimoja baada ya kingine.